Mtoto mwerevu Lamu: si lazima avushwe maji

"Akili za huyu si za hapa, mpelekeni Mombasa." Mzazi wa Lamu mwenye mtoto wa miaka sita anayesoma majina ya majahazi gatini hulisikia hilo kila barazani, tena kwa watu wanaomtakia heri.

Dhana: Shule ya mtoto mwerevu ni ile ya Kiingereza kitupu.
Hapa ndipo ada nyingi hupotea bure. Sera ya Kenya ni mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake kuanzia chekechea hadi Gredi ya 3, na Lamu lugha hiyo ni Kiswahili. Niliwahi kuketi nyuma ya darasa moja, mwalimu kaleta pishi, kibaba na ndoo ya mchele. Watoto wakapima: vibaba vinne, pishi moja. Mvulana mmoja alimaliza mapema, akaanza kuchokoza wenzake. Mwalimu hakumwongezea hesabu kumi za namna ile ile. Alimnyang'anya kibaba, akampa kikombe cha chai. "Haya, nipimie kibaba kimoja." Akajaza pishi kwa kikombe, akihesabu chini kwa chini. Vilipotimia kumi na viwili akainua kichwa: "Vitatu!" Angeulizwa kwa Kiingereza, angekwama kwenye neno kabla hajaifikia hesabu.

Dhana: Mahitaji maalum ni ya walemavu tu.
Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawataja pia wenye vipawa humo humo kwenye elimu ya mahitaji maalum. Kwa hiyo kuomba mtoto afanyiwe tathmini si aibu, wala si kujigamba.

Dhana: Lazima afaulu mtihani ndipo apokewe.
Sheria hiyo hiyo inaikataza shule ya umma kumtahini mtoto ili kumkubali au kumkataa. Mtihani wa kujua kiwango kinachomfaa unaruhusiwa.

Dhana: Anasoma vizuri, arushwe madarasa mawili.
Labda, lakini mtazame kwanza mkono wake unavyoshika penseli, na analia mara ngapi akishindwa mchezo. Kusoma kunaweza kutangulia, mengine yakabaki na umri wake. Mwalimu wa chuoni, yaani madrasa, naye aulizwe, maana humwona mtoto saa ambazo mwalimu wa skuli hamwoni. Na bweni kwa mtoto wa miaka saba? Mimi simo.

Dhana: Tazama alama zilizobandikwa ukutani.
KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa mara ya mwisho 2023, na bado wazazi huulizia wastani wa shule. Afadhali kuuliza mtoto akimaliza kazi kabla ya wenzake hupewa nini. Mwalimu mkuu mmoja nilipomuuliza hivyo alinijibu bila kusita, "Hutufutia ubao." Tukashukuru, tukavaa viatu.