Kujamu si kurefusha wimbo

Bendi ya kujamu ni ile inayopanda jukwaani na nyimbo zake zilizotungwa vizuri, ila katikati ya baadhi ya nyimbo hizo huacha sehemu wazi, na wanamuziki wote huitunga kwa pamoja papo hapo, mbele ya watu. Maana yake haizidi hapo. Neno la kushika ni "wote", na ndilo linalosahauliwa kila mshereheshaji anapotangaza "sasa bendi inajamu" kwa sababu mpiga solo amekataa kumaliza. Mbaya zaidi ni pale bendi isiyofanya mazoezi inapopotea katikati ya wimbo, nayo ikaambiwa inajamu.

Tuchukue mfano usio na ubishi. Tarehe 27 Agosti 1972, bendi ya Grateful Dead ya California ilipiga kwenye uwanja wa wazi huko Veneta, jimbo la Oregon, Marekani. Lilikuwa onyesho la kuichangia Springfield Creamery, kiwanda kidogo cha maziwa cha Chuck Kesey, nduguye mwandishi Ken Kesey, kilichokuwa kimebanwa kifedha. Tiketi zilichapwa kwenye lebo za mtindi. Joto lilikuwa la kuunguza, jua likiwapiga wanamuziki usoni na magitaa yakigoma kukaa kwenye tyuni. Awamu ya tatu wakaanza "Dark Star". Kwenye santuri ya 1968 wimbo huo haufiki dakika 3; Veneta ulikwenda kama nusu saa.

Wengi hushika hiyo nusu saa, na ndipo wanapokosea. Sikiliza kinachofanyika ndani yake (rekodi ilitoka rasmi 2013, kwa jina la Sunshine Daydream). Maneno ya wimbo ni machache, kuna kipande kifupi cha gitaa ambacho kila shabiki anakijua, basi. Jerry Garcia yuko kwenye solo. Phil Lesh, aliyepiga tarumbeta na kusomea utunzi kabla ya kushika besi, hakai chini kumbebea mwenzake mzigo. Anamjibu, anampinga, mara nyingine yeye ndiye anayeamua waelekee wapi. Bob Weir kwenye ridhimu harudiirudii mchapo mmoja, anatupia kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) kwenye nafasi ambazo wengine wameziacha. Keith Godchaux yuko kwenye piano, na Bill Kreutzmann anapiga drams peke yake, maana Mickey Hart wakati huo hakuwa kwenye bendi. Mmoja akibadilisha mwelekeo, wenzake humfuata au humkatalia, na jibu lao ndilo linalokuwa wimbo. Hata mwisho haukuja kwa kusimama: "Dark Star" ikayeyuka ikawa "El Paso", wimbo wa Marty Robbins wa 1959 wenye mapigo ya tatu kwa nne.

Sasa tuje nyumbani kwenye sebene, ile sehemu ya rumba na dansi ambapo magitaa hushika kasi na watu huinuka kucheza. Mpiga solo anaweza kuzunguka robo saa nzima, jasho likimtoka, ukumbi mzima umesimama. Lakini besi, ridhimu na drams zinashikilia mzunguko uleule wa kodi ili mcheza dansi asipotee na solo apate pa kuegemea. Ni ufundi mkubwa. Kwa masikio yangu, jamu nyingi za Wamarekani hao hazifiki kwa sebene moja iliyopigwa sawasawa. Taksimu ya taarabu, yaani kipande anachokitunga papo hapo mpiga ala mmoja, ni kinyume chake: mpiga udi au kanuni (ala ya nyuzi) yuko huru kuhama maqamu (ngazi ya sauti) moja kwenda nyingine, ila anahama peke yake, wenzake wanamsubiri. Walichofanya Grateful Dead ni kuuchukua uhuru wa namna ya taksimu na kuwapa watu watano kwa wakati mmoja.

Mashabiki wa Phish, bendi iliyoanzishwa Vermont mwaka 1983, hugawa jamu mafungu mawili: aina ya kwanza hubaki ndani ya kodi na mdundo wa wimbo, aina ya pili hutoka kabisa. Kwa kipimo hicho utaniambia sebene ni aina ya kwanza. Nakubali nusu. Magitaa ya sebene hujibizana kweli, lakini kila moja linajua kazi yake kabla dansi halijaanza.

Na hilo la kutofanya mazoezi lisirudiwe tena. Grateful Dead walikaa wakinoa mapigo magumu, kama yale ya kumi na moja kwa nane (mapigo kumi na moja kila mzunguko) katika wimbo wao "The Eleven", mpaka mtu aweze kuyapiga huku sikio lake lote liko kwa mwenzake. Asiyeujua wimbo hana nafasi ya kusikiliza wengine, anahangaika na vidole vyake.

Kwa hiyo, ndugu mshereheshaji, mpiga solo akirefusha usiku wa leo, sema tu bendi imelichochea chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo. Watakushangilia vilevile, na mpiga besi hatakukunjia uso.