Hiyo jeni "ya nguvu" mnayojivunia

Hapa Malindi sikai barazani nikamaliza kikombe cha kahawa bila kuambiwa: "Profesa, ukoo wetu una jeni za nguvu. Hizo nyonge zitaisha zenyewe." Juzi kayasema kijana aliyesoma baiolojia hadi kidato cha nne. Nimechoka.

Hiyo mnayoiita ya nguvu ni jeni tawala, ambayo sifa yake huonekana hata kwa nakala moja kati ya mbili, toka kwa mzazi mmoja tu. Haimpigi mwenzake mweleka. Mwaka 1910 mwanabiolojia Thomas Hunt Morgan alimpandisha nzi wa matunda dume wa macho meupe kwa majike wa macho mekundu. Watoto karibu wote wakatoka na macho mekundu. Kwa wajukuu, meupe yakarudi. Aleli ya weupe, yaani toleo hilo la jeni, haikwenda popote, ila nakala moja nzima ya jeni yatosha kulitia jicho rangi. (Kwamba weupe hao walikuwa madume watupu ni habari ya kromosomu X, tuiache.)

Linaloniudhi ni hilo neno "nguvu". Mtazame nzi aitwaye Curly, mabawa yamepinda juu. Nakala moja ya aleli yake hupinda bawa, basi ni tawala. Akipata mbili, hafikii utu uzima. Pandisha Curly kwa Curly: badala ya watatu kwa mmoja wa vitabuni, utapata wawili wa mabawa yaliyopinda kwa mmoja wa yaliyonyooka. Wanafunzi wangu wa shahada ya kwanza huhesabu sawasawa kwenye hadubini, kisha huzichezea namba zilingane na kitabu! Jamani, hao waliokosekana ndio utafiti wenyewe. Alfred Sturtevant alikuwa mwanafunzi kama wao mwaka 1911, alipochora ramani ya kwanza ya jeni kwa hesabu za nzi.

Sasa aleli hiyo ni tawala au fiche, yaani isiyojionyesha mpaka nakala ziwe mbili? Kwa bawa, tawala. Kwa kifo, fiche. Lazima kwanza useme unauliza sifa gani. Na bawa lenyewe lina utata: chumba kikipoa sana, baadhi ya Curly hutoka na mabawa yaliyonyooka. Wapo nzi ninaowaamua kwa jicho tu, na mwenzangu angewahesabu upande wa pili.

Selimundu, ugonjwa wa damu tunaoujua sana pwani, ni hivyo hivyo. Wazazi wote wawili wana afya, kila mmoja na nakala moja ya aleli yake. Kila mimba ina uwezekano wa robo kuzaa mgonjwa. Ugonjwa ni fiche, lakini pima damu ya mzazi yeyote kati yao, utaziona hemoglobini, protini zinazobeba oksijeni, za aina zote mbili: ya kawaida na ya selimundu. Na hiyo "nyonge" haijaisha, kwani mwenye nakala moja hukingika na malaria kali kuliko jirani yake asiye nayo kabisa.