Kidato cha nne na mdahalo wa Ijumaa

"Mwalimu, huyu mwaka huu ana mtihani. Naomba umtoe huko kwenye midahalo asome." Juzi nimeletewa tena ombi hili, na baba mmoja mstaarabu, nje ya ofisi ya mwalimu wa taaluma. Nikamuuliza mdahalo wenyewe unafanyika lini. Hajui. Ni Ijumaa baada ya vipindi, basi.

Mimi ni mlezi wa klabu ya mdahalo katika shule ya kata, ya kutwa. Hoja ya muda siipi nafasi kubwa. Mtoto anayeshinda na simu mpaka usiku wa manane hajaibiwa muda na mdahalo.

Wanaonichosha zaidi ni wanaoniunga mkono kwa sababu mbovu. "Michezo inaongeza akili." "Shule yetu ina klabu nyingi." Anazo nani? Timu ya mpira ni wale wale kumi na mmoja na wa akiba wao, mwaka mzima mpaka UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, na shule nzima iliyobaki kazi yake ni kushangilia. Kwenye mdahalo ni hivyo hivyo: wasemaji wachache wa kuunga mkono, wachache wa kupinga, ukumbi unasinzia. Kushangilia si kushiriki. Anayefaidika ni aliyekabidhiwa kazi, ambayo ikiharibika ataulizwa yeye.

Chukua katibu wa mdahalo, cheo ambacho hakuna anayekigombania. Mada iko ubaoni, msemaji anamwaga maneno, mtunza muda anagonga kengele, mmoja wa nyuma keshasimama: "Mwenyekiti, taarifa!" Katikati ya vurugu hiyo katibu anatakiwa aiweke kila hoja katika mstari mmoja, hata anayoiona ya kijinga, kisha mwishoni asimame aisome mbele ya mwenye nayo. Akiipindisha anazomewa papo hapo. Ni ufupisho ule ule wa somo la Kiswahili, ila hapa mwenye maneno yupo na ana mdomo. Darasani mtoto huyo huyo anakopi notsi tu.

Mdahalo ukiwa wa Kiingereza ndiyo kabisa. Wengi wao shule ya msingi walisoma kwa Kiswahili, wakafika kidato cha kwanza wakakuta baiolojia na jiografia kwa Kiingereza. Mahali pa kuboronga kwa sauti bila kukatwa alama ni pachache mno.

Wala haya si mageni. Elimu ya Kujitegemea, sera ya Mwalimu Nyerere ya 1967, ililalamikia uzito tunaoupa mtihani, ikataka wanafunzi washiriki kupanga na kuendesha mambo ya shule yao. Tulichobakiza ni kufagia.

Sasa mashaka yangu. Wanaong'ara klabuni wengi walikuja na ulimi wao tayari. Nikisema wanamdahalo wanafaulu, siwezi kuapa kwamba mdahalo ndio uliowafaulisha. Huenda umewaokota tu. Hesabu sijaiona ikipanda kwa sababu ya mdahalo, na mzazi akitaka nimwahidi hilo namwambia aende kwa mwalimu wa hesabu. Halafu kuna wasichana. Kengele ya mwisho ikilia, nyumbani ndoo na jiko vinawasubiri, kwa hiyo klabu ya baada ya vipindi inakuwa ya wavulana hata kama sikukusudia. Dawa ninayoiona ni kuuingiza mdahalo ndani ya ratiba, kipindi cha mwisho cha Ijumaa, na hapo mwalimu mwenye kipindi hicho hatanisalimia.

Yule baba nilimwambia mwanawe ni katibu, abaki mpaka mock, mtihani wa majaribio, kisha daftari apewe wa kidato cha tatu. Mzazi mwingine mwenye wazo kama lake, kabla hujanijia, muulize mtoto kwanza ana kazi gani klabuni. Akikujibu "huwa naenda tu," njoo tumtoe pamoja.