Kustaafu Lamu: mume na mke wapange matumizi kwa mwaka mzima

Pensheni huingia mara moja kwa mwezi na kiasi chake hakibadiliki, lakini gharama za maisha ya Lamu haziji kwa mwezi. Huja na kusi na kaskazi, huja na masika, huja na Ramadhani, na huja na kufunguliwa kwa shule mwezi wa Januari. Katika kazi yangu ya kutoa elimu ya fedha kwa wanachama waliostaafu wa chama chetu cha akiba na mikopo, jambo ninalokutana nalo mara nyingi zaidi ni wazee wanaoyapangia maisha ya misimu kwa bajeti ya mwezi mmoja mmoja. Mwezi wa Julai bahari imechafuka, samaki ni ghali, nao hujinyima mpaka kitoweo. Januari samaki ni rahisi, ila pesa zote zimekwenda kwenye sare na vitabu vya wajukuu. Ramadhani ikiingia, hukopa dukani, na deni hilo hulipwa mpaka baada ya Idi kwa pensheni ambayo ilikuwa ya chakula. Watu hawa hawana israfu hata kidogo, na wengi wao wanaishi kwa uangalifu kuliko vijana wao. Kilichowapungukia ni kuutazama mwaka wote kwa pamoja.

Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza kwa mume na mke waliostaafu ni kuwa na daftari moja lenye kurasa kumi na mbili, kila mwezi na ukurasa wake, na wote wawili wakae wakalijaze. Wako mume na mke wa mtaa wa Langoni, mzee alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na bibi yake alikuwa akiuza mahamri asubuhi, ambao daftari lao ningependa kila mstaafu alione. Hawaandiki kila shilingi ya bizari na chumvi. Wanaandika yale tu yanayozidi matumizi ya kawaida: ukurasa mmoja una tende, unga wa ngano, samli, tambi na sukari ya Ramadhani, mwingine una chokaa na fundi, mwingine nauli ya kwenda Mombasa kumwona daktari wa macho. Mwishoni wamejumlisha yote, wakagawanya kwa kumi na mbili, na kiasi hicho hukatwa siku ile ile pensheni inapoingia na kuwekwa kwenye akaunti ya akiba isiyoguswa kwa mahitaji ya kila siku. Ikiwa Ramadhani na Idi huongeza shilingi 18,000 juu ya matumizi ya kawaida, basi kila mwezi ni shilingi 1,500, kiasi ambacho nyumba nyingi za wastaafu zinaweza kukitenga bila kuumia, ilhali hizo 18,000 kwa mkupuo haziwezekani. Ikumbukwe tu kwamba mwaka wa Kiislamu ni mfupi, na Ramadhani huwahi kwa siku 10 au 11 kila mwaka, hivyo ukurasa wake katika daftari utahama.

Baada ya daftari huja jiko, na hapa ndipo wenyeji wa pwani tuna elimu kubwa tuliyorithi, ambayo wengine wameanza kuiacha kwa kuona kwamba ni mambo ya umaskini. Wakati wa kaskazi, takriban kuanzia Desemba hadi Machi, bahari hutulia, vyombo vidogo hutoka nje ya mwamba, na nguru, jodari na kolekole huteremshwa kwa wingi. Kusi linapovuma, wavuvi wengi hubaki ndani ya mkondo, na bei hupanda. Mwenye nyumba anayenunua samaki mzima wakati wa neema, akampasua, akamtia chumvi na kumwanika juani kwenye chanja iliyofunikwa wavu ili nzi wasimguse, atakuwa na ng'onda wa kumvusha miezi migumu. Ninaongeza tahadhari moja kwa sababu wastaafu wengi wana presha: ng'onda alowekwe kwenye maji kwa saa kadhaa na maji yabadilishwe angalau mara mbili, kisha chumvi nyingine isitiwe tena mchuzini. Na ambaye daktari amemkataza chumvi kabisa, heri anunue dagaa wabichi au ale kunde na mbaazi msimu wa kusi, kwani gharama ya presha iliyopanda hailingani na akiba yoyote ya kitoweo.

Hali ni hiyo hiyo kwa maembe. Ngowe na boribo zinapojaa sokoni hadi kuoza, ndio wakati wa kutia achari na kukausha vipande. Ukwaju nao huwekwa msimu wake na kukaa mwaka mzima. Nazi moja ikikunwa na kukamuliwa mara mbili hutoa tui bubu na tui la kasimu, na mpishi mzuri huchemshia mbaazi kwenye kasimu, kisha tui bubu hutiwa mwishoni ili mchuzi uwe mzito. Machicha huliwa na kuku, na vifuu na makumbi huwasha jiko. Nimeona nyumba za watu wawili zikikuna nazi mbili kwa siku na kutupa machicha yaliyokamuliwa mara moja tu, na hapo ni nazi nzima inayopotea kila siku. Mbaazi zenyewe zilowekwe usiku kucha, zichemshwe kwa nusu saa hivi, halafu sufuria ifunikwe vizuri na kutiwa ndani ya kikapu kilichotandikwa matambara ya pamba pande zote na juu. Joto lililomo litaendelea kuziivisha bila gesi wala makaa. Mchele na unga ni nafuu kwa gunia, ila gunia zima kwa wazee wawili huingia fukusi kabla halijafika nusu. Nyumba tatu za jirani zikinunua kwa shirika na kugawana, tatizo hilo huisha.

Sasa nyumba yenyewe. Wastaafu wengi wa Mji wa Kale, katika Langoni na Mkomani, wanakaa katika nyumba za mawe walizorithi, na nyumba hizo ndizo mali kubwa kuliko zote walizonazo. Mji huu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na mabadiliko ya majengo yake yanatakiwa yapitie kwa wataalamu wa uhifadhi wa Makavazi ya Kitaifa, lakini nazungumzia hapa upande wa mfuko wa mstaafu. Kuta hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na zinavuta unyevu na chumvi kutoka ardhini na kwenye hewa ya bahari. Lipu ya chokaa huuacha unyevu huo utoke. Fundi anapokuja na mfuko wa saruji kwa sababu ni ya haraka, saruji huufungia unyevu ndani, chumvi hujikusanya nyuma yake, na baada ya misimu michache lipu hubanduka ikiwa imeng'ang'ania vipande vya jiwe. Mzee aliyedhani ameokoa pesa hulazimika kulipia kazi ya pili, iliyo kubwa kuliko ya kwanza. Ukarabati mdogo wa chokaa kila mwaka, kabla ya masika, ndio njia ya bei nafuu zaidi ya kuilinda nyumba ya mawe: kuziba nyufa za juu ya paa, kusafisha makopo ya kutolea maji, na kuchungulia boriti za mikoko kama kuna mahali maji yanapenya au mchwa wameingia. Boriti moja iliyogunduliwa mapema hubadilishwa peke yake; ikiachwa, dari yote huteremka.

Paa hilo hilo ni chanzo cha maji. Maji matamu ya mji wa Lamu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na hayatoshi kila mtu kila siku, kwa hivyo nyumba nyingi hununua maji yanayoletwa kwa jerikeni juu ya punda. Hesabu ya maji ya mvua ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 5 kwa 8 likipata mvua ya milimita 25, linapokea lita 1,000, yaani jerikeni 50 za lita 20, na hata kama sehemu itapotea kwa kurukia nje na kunyonywa na paa, kinachobaki ni kingi. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kwetu, hivyo birika la kuhifadhia maji hayo lisafishwe mwezi wa Machi au Aprili mwanzoni. Mvua ya kwanza iachwe iende zake, kwani ndiyo inayoosha vumbi, chumvi na kinyesi cha ndege. Wazee wetu walikuwa wakifuga samaki wadogo birikani ili wale viluwiluwi vya mbu, na desturi hiyo inafaa leo kama ilivyofaa zamani. Maji ya kunywa yachemshwe.

Kwa umeme nitakuwa mfupi. Kwa mpangilio wa bei ulioanza Aprili 2023, nyumba inayotumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi hutozwa bei ya chini kabisa kwa kila uniti, ile ya 31 hadi 100 hutozwa zaidi, na inayopita 100 hutozwa zaidi tena, kwa hivyo kushuka daraja moja kuna faida kubwa kuliko inavyodhaniwa. Katika nyumba ya wazee wawili mlaji mkubwa huwa ni friji. Funga mlango wake juu ya karatasi kisha uivute: ikitoka kwa urahisi, mpira wa mlango umechoka na baridi inavuja usiku na mchana.

Afya nayo ni gharama ya mwaka, na watu wengi hawaichukulii hivyo. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya. Kwa kaya isiyo na mshahara, mchango hukadiriwa kwa asilimia 2.75 ya kipato, hauwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipwa kwa mwaka mzima kwa pamoja. Kima cha chini, basi, ni shilingi 3,600 kwa mwaka, na hiki kinastahili ukurasa wake katika daftari kama Ramadhani ilivyo na wake. Mume na mke wote wawe wamesajiliwa, kwani huduma za msingi za zahanati na vituo vya afya zinahitaji usajili. Wenye presha na sukari waulize kliniki au duka la dawa kama kuna dawa yenye kiungo kile kile kwa jina jingine la bei nafuu, na wasibadilishe bila ya daktari kujua. Ya mwisho ni nauli. Hospitali kuu ya King Fahd iko mjini, lakini rufaa hupeleka mtu Malindi au Mombasa: boti mpaka Mokowe upande wa bara, basi, chakula, mahali pa kulala, na mara nyingi si mgonjwa peke yake anayesafiri. Nawasihi wazee waweke fungu la safari hiyo kabla ya kufikiria akiba nyingine yoyote.

Kuhusu pesa zenyewe kuna mambo mawili au matatu yanayoleta nafuu bila ya kujinyima chochote. Ada ya kutoa shilingi 500 kwa wakala wa M-Pesa ni ile ile ya kutoa 2,500, kwa hivyo anayetoa mia tano tano mara tano amelipa mara tano. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, pensheni kutoka mfuko uliosajiliwa, kwa mtu aliyefikia umri wa kustaafu, haitozwi kodi ya mapato, ilhali kabla ya hapo msamaha wa pensheni yote ulikuwa wa wenye miaka 65 na zaidi. Mstaafu ambaye bado anaona makato ya kodi aulize. Mikopo ya simu iepukwe kabisa kwa matumizi ya chakula, kwa sababu hulipwa kwa pensheni ya mwezi ujao, na mwezi ujao nao huanza na upungufu.

Sipendi kumshauri mzee aache kuwasaidia wajukuu, kutoa sadaka au kumkaribisha mgeni, wala nisingetaka kuishi katika mji ambao wazee wake wamefikishwa hapo. Ninachoshauri ni kwamba mume na mke wakubaliane kiasi mwanzoni mwa mwaka, wakiandike, na mtoto anayekuja kuomba aambiwe kilichobaki. Jambo hili haliwezekani mmoja akiwa hajui kiasi cha pensheni ya mwenzake, na nyumba za aina hiyo bado ni nyingi. Mke ajue pensheni inaingia benki gani, hisa na akiba za chama ziko kwa nani, na jina la nani limeandikwa kuwa mrithi. Mume naye ajue akiba ya mkewe na michezo ya kuchangiana pesa anayocheza na wenzake. Wastaafu wengi waliandika mrithi walipojiunga na chama wakiwa vijana, kabla ya kuoa au kuolewa, na jina hilo halijabadilishwa mpaka leo. Kulibadilisha ni kujaza fomu moja, na kinachohitajika ni kitambulisho cha mwanachama na cha mrithi.