Je, wajua? Masaji haikamui asidi yoyote kwenye misuli

Mwendesha boda aliyeshinda kutwa kwenye mashimo ya barabara za Kampala akienda kukandwa, mabega yamekaza, huulizwa: laini au ya nguvu? Wengi husema ya nguvu, na sababu huwa ni ileile: kuna asidi imejikusanya kwenye misuli, lazima ikamuliwe, na isipouma haijatoka.

Asidi hiyo haipo. Misuli ikitumika kwa kasi hutoa laktati (ndiyo watu huiita asidi), kweli, ila laktati si taka ya kulala mwilini ikimngoja mkandaji. Moyo huitumia kama nishati, ini huigeuza kuwa glukosi, na ukipumzika saa moja hivi damu inakuwa imerudia hali yake. Maumivu ya mazoezi hayaji saa hiyo. Huanza kesho yake, hukolea siku ya pili au ya tatu, laktati imeshakwisha zamani. Chanzo chake ni michubuko midogo mno kwenye nyuzi za misuli pamoja na uvimbe unaofuata. Tena mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's, Kanada, waliwapa watu zoezi la kufumbata kwa mkono, kisha wakawachua. Laktati ilichelewa zaidi kuondoka, kwa kuwa mikono ya mchuaji ilikuwa inabana mishipa ya damu. Kazi inayosifiwa ndiyo iliyozuiwa!

Basi nafuu inatoka wapi? Kwa sehemu kubwa, kwenye neva. Mwaka 1965 wanasayansi Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba uti wa mgongo una lango la kuchuja taarifa za maumivu. Chukua geti la stendi ya taksi jioni. Taarifa za mguso husafiri kwenye neva nene, zenye kasi. Hizo ni taksi, zinafululiza. Maumivu ya kuvuta hupita kwenye neva nyembamba, polepole, kama lori lililojaa matoke. Mlinzi akizidiwa na taksi, lori hubaki nje likipiga honi, nawe husikii sana. Ndiyo maana ukijigonga goti mkono hukimbilia kulisugua kabla hujafikiri. Sasa, mkandaji akizamisha kiwiko mpaka unauma meno, anaongeza malori kwenye foleni hiyohiyo. (Wanasayansi wamerekebisha mambo kadhaa ya nadharia hiyo, lakini wazo la lango limedumu.)

Kwa hiyo chagua kwa kuangalia shida yako, si uvumilivu wako. Uchovu, usingizi wa mang'amung'amu, mawazo: masaji ya Kiswidi, yenye mafuta na misuguo mirefu ya polepole, inatosha. Mafuta ya moo yaa (siagi ya shea) kutoka kaskazini mwa Uganda yanafaa kwa kuwa ni laini na huyeyuka kiganjani. Kazi yake ni kuutelezesha mkono tu. Mwili mkavu usiokunjuka unaweza kupenda ya Kithai: unakandwa na kunyooshwa ukiwa na nguo zako, bila mafuta. Ya nguvu iwe ya sehemu moja iliyokaza, kwa kiasi ambacho bado unapumua kawaida. Kwa uvimbe wa limfu (majimaji ya mwilini yenye mishipa yake), kama ule wa mkono baada ya upasuaji wa saratani ya titi, iko ya kugusa kwa wepesi ajabu, kwa sababu vijishipa vya limfu viko karibu kabisa na ngozi. Hiyo ifanywe na aliyeisomea.

Maumivu ya mgongo ya kudumu ni habari nyingine. Tathmini ya 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, iliona nafuu ya muda mfupi, na ushahidi wenyewe hafifu. Anayekuahidi kuponya mgongo kwa kikao kimoja anauza zaidi ya anachojua.

Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma kwenye kigimbi, usikandwe kabisa. Huenda ni damu iliyoganda, na hiyo ni ya daktari. Homa au mfupa uliovunjika pia si kazi ya mkandaji, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza. Na ikitokea baada ya masaji ya nguvu mkojo ukatoka mweusi kama chai ya rangi, misuli imeumizwa na figo ziko hatarini: hospitali siku hiyohiyo, si kurudi kwa mkandaji amalizie upande wa pili.