Injini ikizima, ndege ndogo haidondoki kama jiwe

Hapa Kigoma, ndege ya injini moja ikipita juu ya ziwa kuelekea hifadhi ya Mahale, hakosi mtu wa kusema: "Injini ikizima tu, kwisha habari yao." Si kweli, na hofu hiyo inawatesa abiria bure. Kinachobeba ndege ni mabawa yanayokata hewa. Injini huipa mwendo. Ikizima, rubani hushusha pua kidogo kulinda mwendo, na ndege hushuka kwa mteremko huku usukani ukitii. Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, ikiwa mita 1,000 juu, hewa ikiwa tulivu, hufika takribani kilomita 9. Hatari hasa ni kuvuta pua juu kwa woga: mwendo unapotea, mabawa yanaacha kubeba. Zoezi la kushuka bila nguvu ya injini kila rubani hulifanya tangu mafunzoni.