Karata nne za Omaha si ruhusa ya kucheza kila mkono

Wengi wanaotoka kwenye poka ya karata mbili huona poka ya Omaha kama zawadi: umegawiwa karata nne, zinatoa jozi sita tofauti, basi kila mkono unachezeka. Hesabu ya jozi sita ni sahihi. Hitimisho ndilo bovu.

Sheria inataka utumie karata mbili kamili za mkononi na tatu za mezani, zile zinazotumiwa na wachezaji wote, si zaidi wala pungufu. Kila karata yako imo katika jozi tatu kati ya hizo sita, hivyo karata moja isiyopatana na wenzake inadhoofisha nusu ya mkono. Ukipewa ree zote nne, usishangilie: utatumia ree mbili tu kati yake, na ree ya tatu haitakuja kamwe mezani. Ree ya kopa peke yake mkononi, mezani kopa nne? Huna kopa tano, yaani ule mkono wenye nguvu wa karata tano za aina moja.

Kwenye meza za dau dogo lenye kikomo, kosa hili huuma zaidi. Dau haliwezi kupandishwa vya kutosha kumtisha mtu, watu wengi hubaki hadi karata ya mwisho, na kwa kawaida mmoja wao ana mkono bora kabisa unaowezekana. Kubahatisha kwa vitisho hapo ni kupoteza hela bure. Afadhali usubiri ree na kopa nyingine mkononi: kopa mbili zikitokea kati ya karata tatu za kwanza za mezani, una takriban asilimia 36 ya kukamilisha kopa tano. Ukiwa na kopa ndogo asilimia ni ileile, ila unaweza kukamilisha na bado ukashindwa na mwenye kopa kubwa, ukalipa.